Yaya Hunyongwa Kila Jumamosi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana nakujua, wewe barua huzisoma umesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, halafu unaniandikia kuniuliza mambo niliyokwisha kukueleza. Kaa basi, uvue na hicho kingine. Habari za kwako, na mgongo je? Ulisema hapo kiwandani wameleta cherehani mpya zenye meza fupi, nami nikajiuliza mtu wa urefu wako ataponea wapi. Sisi huku hatujambo kiasi, tunamshukuru Mungu. Shemeji yako amefunguliwa plasta. Mguu haujanyooka vizuri na daktari amemwambia mambo ya kupanda paa ayasahau kwa sasa, kwa hiyo anatembea na gongo lake mtaani akitazama juu, na hakuna paa asiloliona kasoro. Mama mkwe hajambo, anauliza utaolewa lini. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Kibonge anakua, ameota meno, anasimama kwa kushika kiti. Habari zake nyingine nitakueleza humu humu, maana ndizo zilizonifanya nichelewe kukujibu.

Umeniandikia kwamba wewe na wenzako mnataka kukodi gari mje kuitazama ile kesi, na kwamba niwawekee viti vya mbele mnione ninavyonyongwa. Nilicheka niliposoma, kweli nilicheka. Halafu nikaikunja barua nikaiweka chini ya godoro, na kila nilipotaka kuijibu mtoto akalia au nguo za watu zikaungua. Leo nimempa mama mkwe mtoto, nikafunga mlango, nikasema litakalokuwa na liwe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiruka kamba? Wewe ndiye uliyeishika upande mmoja, na ule mwingine tuliufunga kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Yaya, Yaya, uji wa nani? Wa bwana mkubwa, yuko kitandani. Kijiko cha kwanza akaona giza, kijiko cha pili akanyamaza. Anayekosea ndiye anayenyongwa, anatoka. Mimi sikuwa nikijua kama ni habari ya watu waliokuwa hai. Nilidhani ni kamba tu. Hata baadaye, mwalimu alipotueleza kwamba kweli kulikuwa na yaya katika mji huuhuu, na tajiri mmoja wa vitambaa, na sumu ya panya ndani ya uji, na jaji, na kitanzi, mimi nilichokisikia ni kamba ikipiga chini.

Lakini watu huku hawajaichoka. Bibi zetu walipigana vikumbo kwenye foleni ya kuingia mahakamani, na wajukuu bado wanagombana nani aliyemuua Tajiri. Wako wanaosema ni mdogo wake, kwa ajili ya duka. Wengine wanasema ni mkewe, kwa ajili ya mtoto wa Yaya aliyekuwa na masikio kama ya Tajiri. Wengi wanasema ni Yaya mwenyewe, kwa kuwa Tajiri alimkana mtoto mbele ya watu. Kinyozi wa mtaa wetu ni wa kundi hilo la mwisho, na kila anayenyolewa pale hutoka akikubaliana naye, maana ni nani atabisha na wembe uko kooni? Unaweza kumkuta mtu ambaye hajui jirani yake wa ukuta kwa ukuta amekufa na nini, lakini atakwambia kopo la sumu lilikutwa nyuma ya gunia gani.

Sasa nikueleze nilivyoingia. Wajua kwamba nafanya kazi kwa dobi, kupiga pasi na kupeleka nguo kwa wenyewe. Ile mahakama ya zamani imefanywa nyumba ya makumbusho, na kila Jumamosi alasiri wanaiigiza kesi, watu wanalipa kuingia. Joho la jaji hufuliwa kwetu. Siku moja nikalipeleka, Kibonge mgongoni, nikawakuta waigizaji wamekasirikiana. Msichana aliyekuwa akiigiza Yaya alikuwa akipakata mwanasesere aliyefungwa kanga, na Jumamosi iliyopita kichwa cha mwanasesere kilichomoka kikabingirika hadi miguuni kwa jaji. Ukumbi mzima ulicheka mpaka kesi ikaahirishwa. Basi nilipokuwa mlangoni na lile joho, Kibonge akaanza kulia njaa. Msimamizi wa makumbusho akageuka. Ni mtu mpole, anavaa miwani ya kamba, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Akaniuliza mtoto ana miezi mingapi, na mimi nina nafasi Jumamosi?

Dada, mume yuko kitandani na mguu hewani. Ningesema sina?

Nikueleze inavyokwenda, ili usije ukasema sikukueleza. Kila mtazamaji akiingia anapewa punje ya haragwe. Mbele ya jaji kuna meza, na juu ya meza mabakuli mawili ya bati, la kulia la hatia na la kushoto la kumwachilia. Jaji ni mzee aliyestaafu kwenye mizani ya magari, na mwendesha mashtaka ni mwalimu wa hesabu mwenye sauti kubwa kuliko kifua. Mimi nasimama kizimbani na mtoto. Mashahidi wakishamaliza, watu wanapanga mstari, wanapita mbele yangu mmoja mmoja, wanatia haragwe wanakotaka. Bakuli la hatia likizidi, askari anakuja kunichukua mtoto mikononi. Askari ni fundi viatu wa pale kona, anavaa koti la vifungo vya shaba. Anamtoa mtoto kwa mlango wa ubavuni, ambako mama mkwe anangoja kumpokea. Mimi napelekwa kwa mlango wa nyuma, na nyuma ya pazia mtu anaangusha ubao. Kishindo hicho ndicho kunyongwa. Bakuli la kumwachilia likizidi, hilo nalo limeandikwa: Yaya anashuka kizimbani, anapita katikati ya watu na mwanawe, anatoka kwa mlango wa mbele. Hayo ndiyo maandishi. Sijawahi kuyafanya. Hakuna aliyewahi kuyafanya. Mama Fagio, anayesafisha ukumbi, huyakusanya maharage akaenda kuyapika, na husema tangu aanze kazi hajala chakula cha kuachiliwa hata sufuria moja, ni hatia tupu, tena inataka kitunguu kingi.

Mwanzoni nilifurahi, sitakuficha. Nilipendwa. Sokoni walinitania, muuza nyama akaniambia leo nikikaribishwa uji kwako nitasema nimefunga. Watoto waliokuwa wakiruka kamba waliacha kuimba nilipopita, wakanitazama kama mtu mkubwa. Na Kibonge alilia vizuri. Nasema vizuri, ndivyo tulivyokuwa tukisema pale. Fundi viatu akinyoosha mikono, mtoto alinishika shingo kwa kucha, akapiga yowe ambalo hata wewe kiwandani ungelisikia, na watu wazima wakafuta macho. Waliokwisha kutia maharage yao upande wa kulia ndio waliolia zaidi. Jumamosi zikajaa, watu wakawa wanasimama hadi madirishani.

Mimi nikataka kitu kimoja. Nilitaka nitoke mara moja tu kwa mlango wa mbele na mwanangu. Nilijua ni igizo, lakini mtoto hajui. Kila Jumamosi, mbele ya watu wote wale, mama yake anamwachia. Nikasema moyoni, wakimwachilia Yaya mara moja, naye ataona kwamba si lazima iwe hivyo.

Basi nikaanza kutafuta njia. Kwenye maandishi, na wanasema ndivyo ilivyokuwa kweli, Yaya hakulia kizimbani. Alisimama na macho makavu mchana kutwa. Mwendesha mashtaka analigonga hilo kila mara: mama gani huyu, anakabiliwa na kitanzi, ana mtoto kifuani, hana hata tone? Hapo ndipo unapowaona watu wanatikisa vichwa. Mimi macho yale nilidhani nayajua. Mtoto wangu alikuwa anaamka usiku kucha kwa ajili ya meno, mume anataka kugeuzwa, alfajiri pasi inaningoja. Mtu akichoka hivyo halii, machozi nayo yanataka nguvu. Nilimwambia Msimamizi jambo hilo, labda wakili wa Yaya aliseme. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ni wazo zuri sana, lakini wao wanafuata yaliyosemwa mahakamani, na hilo hakulisema mtu.

Jumamosi moja Kibonge alikuwa na homa. Nilikuwa nimesimama pale namsikia anavyochemka kifuani, nikaanza kulia, na kweli sikupanga. Nikafikiri, leo basi. Mstari ukaanza kupita. Mama mmoja aliyevaa nadhifu akaniinamia kabla ya kutia haragwe lake, akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye mwenyewe. Tazama anavyojua kulia." Siku hiyo bakuli la kulia lilifurika, maharage mengine yakaanguka chini. Nisipolia nina moyo wa jiwe, nikilia ni mjanja. Nikaelewa kwamba hakuna uso wa kuvaa.

Tena niliona mkono ninaoujua. Shemeji yako alikuja siku hiyo, mara ya kwanza kutoka nje na gongo, wakampisha mstarini kwa sababu ya mguu. Alitia kulia. Nyumbani nilimuuliza, si kwa ugomvi. Akasema yeye hakunihukumu mimi, amemhukumu Yaya, na mambo ya kesi yako wazi, kopo lilikuwa jikoni na jikoni alikuwa nani? Akaanza kunichorea lile jiko kwa ncha ya gongo sakafuni, mlango huku, gunia kule. Alikuwa mchangamfu, dada. Tangu aanguke sikuwa nimemwona na uchangamfu ule. Nilimpa chakula.

Halafu Kibonge akaacha kulia.

Ilianza kidogo kidogo. Jumamosi moja alilia akanyamaza kabla ya mlango. Nyingine alilalamika tu. Nyingine fundi viatu aliponyoosha mikono, mtoto akamwangukia mwenyewe, akashika kifungo cha shaba akakitia mdomoni, na ukumbi ukacheka kama siku ya kichwa cha mwanasesere. Watu walisema mtoto amezoea, ana akili. Lakini mama mkwe, ambaye ndiye anayempokea kule ubavuni, aliniambia jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Alisema zamani akimpokea, mtoto alikuwa akiugeukia mlango na kungoja. Siku hizi haugeukii. Nikaanza kumwangalia nyumbani. Nikitoka kwenda kwa dobi, hainui kichwa. Nikirudi, hainui kichwa. Jirani akimchukua, sawa. Muuza mkaa akimchukua, sawa. Watu wananipongeza, mtoto wako hana shida, anakwenda kwa kila mtu. Nami nasema ahsanteni.

Msimamizi akaniita. Alinipa kiti, akaniulizia mguu wa mume. Akasema watu wanatoka mbali kwa ajili ya kile kilio, na kwamba yeye hawezi kumlazimisha mtoto, lakini je, siku ya Jumamosi nisingeweza kuchelewa kumnyonyesha? Kuanzia asubuhi tu. Akiwa na njaa kidogo atalia kilio chake cha kawaida, na akitoka tu nampa. Alisema kwa upole hata nikaona aibu kukataa. Nikamwambia nitafikiri. Kwa shemeji yako nikaambiwa njaa ya asubuhi moja haijaua mtoto. Mama mkwe hakusema kitu, na yeye asiposema kitu ujue amesema.

Nilifanya, dada. Jumamosi ile nilimnyima tangu kulipopambazuka. Alilia nyumbani, akalia njiani, akalia kizimbani tangu shahidi wa kwanza, na kwenye kilio kile maziwa yalinitoka yenyewe. Gauni la Yaya ni la kijivu, kwa hiyo yalionekana, madoa mawili yanapanuka mbele ya watu wote, nami mikono imeshika mtoto ambaye ameyanusa na anayatafuta, na maandishi yanasema Yaya aliomba ruhusa ya kunyonyesha na jaji akakataa. Mzee wa mizani alikataa kwa sauti iliyotetemeka. Nikasema moyoni, sasa watamwachilia, si mimi ninayewaomba, ni maziwa. Wakapanga mstari. Walipita wakitazama gauni langu, wengine wakiwa wamefunika midomo, na nikasikia yale maharage yanavyolia kwenye bati, kulia, kulia, kulia. Fundi viatu aliponichukulia mtoto alininong'oneza, "Nisamehe, dada." Ubao ukaanguka.

Nilikimbia kule ubavuni nikiwa bado na gauni lao, nikafungua kifua. Kibonge alinitazama. Akageuza uso akaulaza begani kwa bibi yake. Maziwa yanamtiririkia shavuni, yeye anatazama ukuta.

Jumatatu nilikwenda nikamwambia Msimamizi basi. Sikupiga kelele. Nilimwambia mtoto wangu haingii tena mle, wala mimi siingii, hata wakinipa kiti cha jaji. Alisikitika kwelikweli, akanishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilipokuwa nikitoka, kwenye benchi la mlangoni walikuwa wamekaa wasichana na watoto wao migongoni, wameambiwa na nani sijui. Nilitaka kuwaambia rudini. Mmoja alinisogezea nafasi, akidhani na mimi nimekuja kuomba.

Mpaka hapo ungeweza kusema mdogo wangu amefanya vema. Shemeji yako alinuna siku chache kisha akapata kibarua cha kuuza misumari dukani. Mama mkwe alinikumbatia. Kwa hiyo sikutaka kukuandikia lililofuata, na nilifikiri nitakujibu tu kwamba nimeacha, viti sina. Lakini wewe ungekuja, ungesikia watu wananisifu, ungenisifu na wewe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Nilimwambia mama mkwe nakwenda kutafuta sabuni. Nililipa mlangoni kama mtu yeyote, nikapewa haragwe langu, nikakaa nyuma. Nilidhani nakwenda kumwona yule msichana kwa huruma, nimpe jicho moja la kumjua. Alikuwa mdogo kuliko mimi, na mtoto wake mdogo kuliko wangu. Alisimama macho makavu. Mwendesha mashtaka akauliza mama gani huyu, na mimi, dada, mimi niliyesimama pale nikijua kila kitu, nikamtazama yule msichana nikaanza kutafuta usoni. Nilitafuta kama aliua. Nikaona mdomo wake, nikasema huenda. Nikaona anavyomshika mtoto, nikasema mbona anamshika vile. Mtoto alipoanza kulia nilitaka ikome, na njia ya kuikomesha ilikuwa ni kupanga mstari.

Nilitia kulia.

Nimelifikiri sana, nikipiga pasi, nikifua, na hili ndilo nililolipata, lisome taratibu. Nilitaka awe ameua. Kama aliua, basi yule mtoto wa zamani alinyang'anywa kwa sababu. Kama hakuua, walimtoa mtoto mikononi mwa mama bure, mbele ya watu waliokuja kutazama, na mimi nimemtoa wangu bure, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa watu walewale. Hilo sikuweza kulibeba kutoka kitini hadi mezani. Haragwe nililibeba. Nadhani ndiyo maana hawaichoki ile kesi. Wanakwenda kuhakikisha kwamba aliua. Na kila Jumamosi wanahakikisha, na kila Jumamosi haitoshi.

Kibonge sasa ananyonya tena. Ilichukua muda, nilimpa kwa kikombe kwanza. Ananyonya amefumba macho, mkono mmoja ameukunja kwake, haunishiki kama zamani. Nikitoka bado hainui kichwa. Mama mkwe anasema watoto husahau. Mimi namwomba Mungu asahau, halafu naogopa, maana sijui katika kusahau atasahau na nini kingine.

Basi njoo, dada. Njoo siku yoyote, nitakupokea, utalala kitandani kwetu na shemeji yako atalala chini na mguu wake. Ukifika usimnyooshee mtoto mikono, atakuja, na nitaumia. Kaa tu karibu naye mpaka achague. Na kule mahakamani nakuomba usiende. Nakuomba kama mdogo, na kama inabidi nakukataza. Viti sitawawekea.

Lakini nakujua, na hao wenzako wamekwisha kulipia gari. Utakwenda. Wote huenda. Kwa hiyo ukienda, rudi hapa ule, lala, nitakuuliza habari za safari na za kiwandani, na bakuli ulilotia usinitajie, si la kulia wala la kushoto, hata nikikuuliza.

Wasalimie wenzako wa cherehani. Mwambie fundi wenu akuinulie hiyo meza, mgongo hauna kipuri. Shemeji yako anakusalimu, mama mkwe anakusalimu, Kibonge nimemshikisha kalamu akachora huo mstari hapo pembeni.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama Kibonge